Saburi na Subari

Mwaka wa 1966 nilikuwa muuguzi katika hospitali ndogo ya misheni kule Matrah, bandari iliyo jirani na Maskati, Omani, na mimi peke yangu pale ndiye niliyesali kwa Kiswahili. Nilipotoka kwetu upande wa Tanga nilidhani naenda kuwa taa ya watu. Baada ya mwaka mmoja wa joto lile nilikuwa mtu wa kununa tu. Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, ibada ilikuwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na nyimbo za kwetu niliziimba kimoyomoyo huku nachemsha sindano.

Kisha ikaja barua ya kaka yangu. Mama alikuwa amefariki. Barua ilikaa njiani miezi miwili, kwa hiyo miezi miwili mizima nilikuwa nikimwombea afya mtu aliyekwisha kuzikwa. Hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe. Nilimkasirikia Mungu, nasema wazi, kwa kuniacha niombe kama mjinga bila hata kunikonyeza. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaichomeka katika daftari la wagonjwa wa vidonda, nikawa nangoja meli. Wala sikukusudia kuacha kazi tu. Nilikusudia nikishuka kwetu nisikanyage kanisani tena.

Kila asubuhi wa kwanza mlangoni alikuwa bibi mmoja aliyekimbia Unguja wakati wa mapinduzi, akiishi na jamaa zake mtaa wa Darsait. Alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kufunga. Nilikiosha, nikakifunga, nikamwambia avumilie, kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe havumilii kitu. Bibi huyo alikuwa mjuzi wa kila jambo. Alikuwa na miaka miwili tu Maskati, na tayari alinisahihisha Kiarabu changu kwa maneno aliyojifunza juzi.

Kabla ya kuanza kazi nilikuwa naingia stoo ya bandeji, narudisha mlango, nasema sala moja tu: "Bwana, nipe saburi." Nyingine zote zilikuwa zimekauka. Hiyo nayo niliisema kwa mazoea, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba anayojua haina watu.

Siku moja bibi akaja na kifurushi cha majani ya mtende.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, pokea. Nnakusikia kila siku mule ndani walilia subari, subari. Huyo bwana wako ana roho gani, kitu kidogo hivi asikupe?"

Nikafungua. Ulikuwa ukwaju, bonge zima jeusi linalonata. Watu wa Maskati ukwaju huuita subari, na bibi alikuwa akilitamka neno hilo kwa madaha, kama vile amezaliwa nalo.

"Bibi, mimi sina bwana."

"Basi wazungumza na nani humo, na mlango umeurudisha? Mie mtu mzima, wallahi simwambii mtu."

Nikaanza kumweleza kwamba Bwana ni Mungu, na kwamba saburi ndiyo subira. Katikati ya maelezo nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na kicheko kikageuka kilio, kilio cha mama yangu ambacho sikuwa nimekilia. Bibi hakunibembeleza. Aliunyoosha mguu juu ya kibao, akaniambia nikimaliza kulia nimfunge kidonda, jua linapanda na Darsait si hapo.

Ukwaju nikauweka juu ya daftari. Kwa joto la mchana ule ukalainika, ukapenya karatasi, na barua yangu ikawa haisomeki. Nikasema nitaandika nyingine kesho. Kesho yake bibi akaingia na swali: "Bwana keshakupa?" Nikajibu bado. Keshokutwa akauliza vilevile. Nikajikuta kila asubuhi namwambia Mungu afanye hima, maana bibi atauliza. Meli ikaja, ikaondoka, nami sikuwa na barua ya kumpa daktari mkuu.

Kidonda kilifunga baada ya miezi minne. Nikamwambia bibi hana haja ya kuja tena. Kesho yake, huyo mlangoni.

"Bibi, mguu si umepona?"

"Mguu umepona. Nimekuja kutazama kidonda chako."

Hapo nikamwuliza kama siku ile kweli alisikia subari. Akanitazama kama mtu amtazamavyo mtoto aliyevaa nguo kinyume.

"Wanidhani kiziwi? Nyumba yangu Unguja nimeiacha na chai mezani. Mume wangu amezikwa, na mimi sikuwapo. Saburi nnaijua, mwanangu. Lakini ningekupa maneno ungeninunia. Ndiyo nikakupa cha kuramba."

Nilimvutia kiti, akakaa, akaomba kahawa, akailaumu kahawa yenyewe.

Nilikaa Maskati miaka minne zaidi. Kila asubuhi niliingia stoo ileile, nikauacha mlango wazi, nikamwomba Bwana saburi, na mate yakanijaa kinywani.