Diwani Aliyeombewa Apumzike

Mume wangu Abdulkarimu amekuwa diwani wa kata yetu hapa Ujiji vipindi vitano mfululizo, na katika vipindi vyote hivyo hajasema hata mara moja kwamba anautaka udiwani. Ukimsikiliza yeye, ni watu ndio waliomtaka. Mimi Mwanamvua, niliyempikia chai yeye na wageni wake tangu akiwa karani wa bandarini, namjua kuliko wanavyomjua wao, lakini mambo ya mwaka huu wa uchaguzi yamenichanganya mpaka leo.

Alianzia bandarini Kigoma, kuandika mizigo, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Meli ikichelewa na abiria wakalala chini na watoto wao, yeye ndiye aliyekwenda kugombana na wakubwa. Watu wakamwona, wakampa kata. Tangu hapo kila asubuhi akitoka kuswali anakaa kibarazani kwetu kwenye kiti chake cha plastiki, na watu wanakuja: huyu bomba limekauka, huyu jirani kasogeza ukuta, yule mwanawe kakamatwa na pikipiki isiyo na leseni. Hamwambii mtu hapana. Anasema, "Tutalibeba." Mengine aliyabeba kweli, mtaro wa sokoni ni wake, na banda la wauza samaki ni lake. Mengine yako pale pale kibarazani, hayajabebwa na mtu. Kwenye vikao vya halmashauri nasikia alikuwa akisinzia mpaka itajwe kata yake, hapo anaamka na kuomba dakika mbili, halafu hakai chini.

Kipindi chake cha kwanza kilipokwisha alikuwa amefiwa na mama yake, na alichoka kweli. Akasimama mbele ya watu akasema, "Ndugu zangu, nimechoka. Nipumzisheni." Hazikupita siku nyingi wazee wakaja nyumbani wakiongozwa na Mzee Iddi, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walikuwa wamechangishana hela ya fomu ya kugombea, iko kwenye bahasha. Mzee Iddi akamshika mkono akasema, "Hatukuulizi, tunakwambia. Inuka." Wakamsindikiza kwa miguu hadi ofisi ya chama, sisi kinamama nyuma tunapiga vigelegele. Mume wangu alilia njia nzima.

Basi ukawa ndio utaratibu. Kila uchaguzi ukikaribia, anachoka. Anasimama, anasema maneno yale yale, na wazee wanakuja na bahasha. Mimi nakanda unga wa maandazi mapema, maana najua wageni watafika tu. Nikimtania, "Baba Shadia, mwaka huu utachoka lini?" anacheka mpaka anakohoa. Hakuna aliyekuwa akidanganywa hapo. Mgeni akikaribishwa chakula husema ameshiba, na mwenye nyumba mwenye adabu hamwondolei sahani.

Sasa mwaka huu. Mzee Iddi alifariki kabla ya Ramadhani, na kwenye hitima yake mume wangu akaombwa aseme neno. Akamsifu marehemu vizuri, watu wakafuta machozi. Halafu, sijui ni mazoea, sijui ni uchungu, nikamsikia akisema, "Na mimi ndugu zangu nimechoka. Nipumzisheni." Pale pale, juu ya jamvi la hitima, dua ikiwa inasubiriwa. Sheikh akainua mikono. "Ewe Mola, mja wako huyu ametutumikia, naye ameomba kupumzika. Mpumzishe kwa heri." Watu wote wakaitikia Amina, na mume wangu akaitikia nao.

Fomu zikaanza kutolewa. Nikakanda unga. Mume wangu akavaa suti yake ya kijivu iliyopigwa pasi, akakaa sebuleni. Kila pikipiki ikipunguza mwendo nje anajiweka sawa. Maandazi yakapoa, tukayala wenyewe. Kesho yake nikakanda tena, na suti ikavaliwa tena.

"Baba Shadia," nikamuuliza, "unautaka au huutaki?"

"Si nimeshasema."

"Umesema ya kila uchaguzi, au umesema ya mwaka huu?"

Akaanza kutafuta miwani yake, na ilikuwa usoni.

Nikamwambia aende akachukue fomu mwenyewe, miguu anayo. Akanitazama kama nimemtukana. "Nimeombewa dua, Mama Shadia. Nitaingia msikitini na uso gani? Halafu mtu anajichukuliaje fomu mwenyewe, kama mwizi?" Kwa maelezo hayo nikadhani anautaka. Usiku akaniambia anaona raha, hata usingizi umekuwa mtamu, nikadhani hautaki. Asubuhi suti ilikuwa mwilini.

Nilikwenda sokoni kuwapima watu. Muuza nyanya akanishika mikono yote miwili: "Hongereni, mama, mzee wetu apumzike sasa." Nikamtazama usoni nione kama anamaanisha, au ameiogopa ile dua, au amemchoka mume wangu siku nyingi na hiyo Amina imempa mlango wa adabu wa kutokea. Sikuona kitu. Labda mwenye kuijua njia ya kuja kwetu alikuwa Mzee Iddi peke yake, na wengine walikuwa wakimfuata tu. Nilirudi na nyanya na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimkasirikie nani.

Siku moja kabla fomu hazijafungwa, wakaja. Nilipochungulia dirishani nikaona kanzu, kofia, na bahasha mkononi mwa Mzee Hamdani, muuza mawese, ambaye zamani alikuwa akitembea nyuma ya Mzee Iddi. Nikabandika chai. Mume wangu akasimama kabla hawajabisha hodi.

Wakanywa chai, wakala maandazi. Mzee Hamdani akakohoa. "Mheshimiwa, tumekuja kukuomba."

"Mimi nimechoka," mume wangu akasema, na sauti ilikuwa ya furaha kabisa.

"Tunajua, ndiyo maana hatukukusumbua. Tunamtaka Veneranda wa kule mwaloni, yule kiongozi wa kinamama wa dagaa. Sasa anasema hawezi, na sisi hatujui kubembeleza. Mzee Iddi kaondoka na maneno yake. Tumesema, twende na Mheshimiwa, yeye ameyasikia mara nyingi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mume wangu akaitazama ile bahasha. Halafu akaniambia, "Mama Shadia, vaa khanga, twende."

Veneranda tulimkuta mwaloni, mitumbwi ya samaki inakotua, amepiga magoti mchangani anageuza dagaa. Ni mwanamke wa Kalinzi aliyeteremka ziwani kwa kuolewa, akabaki na dagaa mume alipofariki. "Mwakeye," akatusalimu kwa Kiha bila kusimama. "Shikamooni wazee. Kama ni lile jambo, nimeshawajibu. Mimi siwezi. Nimechoka."

Wazee wote wakamgeukia mume wangu. Zamu yake ilikuwa ya kumshika mkono na kusema hatukuulizi, tunakwambia. Mimi nilikuwa nayasikia kichwani. Yeye akachuchumaa mbele ya yule mama, na suti yake ikagusa mchanga.

"Mwanangu, umechoka kweli, au unataka tukuombe?"

Mzee Hamdani akashika kichwa. Swali hilo haliulizwi. Veneranda mwenyewe aliacha kugeuza dagaa.

"Mheshimiwa, na wewe ulipokuwa ukisema, ulikuwa umechoka kweli?"

Mume wangu akafikiri. Nilimwona akifikiri, kwa kweli, mtu niliyelala naye miaka yote hii, na mimi nikasogea ili nisikie, maana jibu hilo nimelitafuta kuliko wao.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nasema, halafu nasubiri mniambie. Mkija, najua sikuchoka. Mwaka huu hamkuja."

Mzee Hamdani alikuwa ameinamia viatu vyake. Mume wangu akanyoosha mkono akaichukua bahasha kwa mzee huyo, akamwekea Veneranda kwenye mapaja, juu ya magamba ya samaki. "Wewe wamekuja. Inuka."

Akainuka. Akajipangusa mikono kwa kitenge, na wazee wakaanza kupanda naye njia ya mjini, mmoja wa kinamama wa dagaa akipiga kigelegele. Mume wangu naye akanyanyua mguu kuwafuata, akakimbilia mbele kama alivyozoea. Mzee Hamdani akamgusa bega, kwa heshima kabisa. "Wewe baki, Mheshimiwa. Umeshatusaidia."

Wakaondoka. Tukabaki sisi wawili na dagaa wa mtu wametandazwa mchangani, na kunguru wameshaanza kushuka. Mume wangu alisimama na suti yake, mikono inaning'inia. Nilimwonea huruma.

"Mama Shadia," akasema, "sasa nifanye nini?"

Tangu anioe hajawahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia afukuze kunguru, na akaenda kuwafukuza.