Nilisema Gari ni la Umma

Jamani, kosa ni langu! Sitamsingizia shetani wala jirani. Mdomo wangu mwenyewe ndio ulioniponza.

Mie ni karani tu, naishi Temeke. Mke wangu, Mama Zuhura, ni mshonaji. Polisi walipotangaza mnada wa magari yaliyokaa kituoni bila wenyewe kutokea, tuliunganisha akiba zetu. Mwenzangu akauza cherehani yake mpya, akabaki na ile kuukuu ya mkono. Tukapata gari la bluu, bovubovu, lakini gari! Dalali alipotutangaza washindi, Mama Zuhura alipiga vigelegele mpaka askari wakacheka.

Haliwaki, ng'o! Mke wangu akashika usukani, mie na majirani tukasukuma mpaka mtaani kwetu. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa kakaa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndugu karani, gari hilo la nani?"

Loo! Si mnajua mambo ya siku hizi za ujamaa? Karani akionekana na gari ataitwa kupe, mnyonyaji, kalitoa wapi? Nikajiona tayari nimesimamishwa mkutanoni nijieleze. Ulimi hauna mfupa.

"La umma, mzee."

Mama Zuhura alinitazama tu pale kwenye usukani.

Basi fundi akalitengeneza, na umma nao ukaja! Leo mgonjwa wa kupelekwa Mwananyamala, kesho bibi harusi, keshokutwa magunia ya mkaa. Na wanakuja kwa adabu zao: "Ndugu, gari letu lipo?" Gari letu! Ningewaambia nini mie?

Siku moja ikaja habari kwamba mama mkwe kazidiwa, kule Mbezi. Gari liko wapi? Limechukua timu ya mpira! Mama Zuhura akafunga kanga zake, akaenda kutafuta basi. Alhamdulillahi, mama alipona. Mwenzangu aliporudi baada ya wiki, hata maji hajanywa, akaniuliza:

"Baba Zuhura, siku mzee mjumbe akikuuliza mke huyu wa nani, utamjibuje?"

Weee! Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka.

Kwenye mkutano wa mtaa nikasimama mwenyewe. "Ndugu zangu, nilisema uongo. Gari lile ni la Mama Zuhura." Watu wakaangua kicheko, na mjumbe akashika kichwa.

"Sasa wewe ulikuwa unamwogopa nani? Nilikuuliza kwa sababu na mie nataka kwenda mnadani!"

Wanaume wenzangu, nawaombeni, kitu walichokitolea jasho wake zenu msikikane mbele za watu kwa woga wa swali moja. Mie nimesamehewa, mwenyewe kasema. Ila mpaka leo tukitoka anapita kiti cha mbele, anakaa nyuma, anajitengeneza kanga yake, kisha ananiambia, "Haya, dereva, twende."