Neno la Kiingereza Lililonyamazisha Darasa

Juzi binti yangu alikuwa anasoma Kiingereza mezani, akaniuliza: "Mama, retribution iko mushahara?" Nikacheka, kisha kicheko kikakatika. Rafiki yangu, kwa swali hilo nilirudi Bunia, msimu wa mvua, chini ya mabati ya darasa letu, mvua ikivuma hadi usingizi unakujia macho wazi.

Siye pia tulidhani hivyo. Kwa Kifaransa neno hilo ni malipo ya kazi, basi mwalimu wa Kiingereza alipoliandika ubaoni, tukatunga sentensi za mishahara. Akatikisa kichwa.

"Kwa Waingereza iko azabu ya kisasi. Mutu alitenda mubaya, sasa wanamurudishia mubaya. Nani atanipa fraze ingine?"

Akasimama jirani yetu, mkubwa kuliko wote darasani. Alikuwa amekimbia na mama yake kutoka pande za Bule, baada ya baba yake kuuawa. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba retribution ya baba yake ni yeye mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Tulijua kuna vijana waliomngoja warudi naye kule kulipiza kisasi. Mwalimu hakumsahihisha. Masomo yalipokwisha alitembea naye katika matope hadi uani kwetu, mimi nikiwafuata nyuma, akamweleza yote koko, mama wa mama yangu, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Koko hakuhubiri. Alimpa mchi.

"Twanga kwanza. Mama yako hajakula tangu asubui. Weye ukienda, nani atamutwangia?"

Akatwanga huku machozi yanamtoka. Moshi wa makala, mkaa wa jikoni, ulitanda, mawese yakanukia, mvua ikawa manyunyu. Mara barabarani tukasikia mluzi: vijana wale wanamwita. Mchi ukasimama. Koko hakuinua hata macho. Mluzi ukarudiwa, mrefu zaidi. Kisha mchi ukaanza tena, na usiku huo tulikula sote pamoja, yeye na mama yake na mwalimu.

Hakwenda. Leo analima Irumu, ana watoto. Waliopiga mluzi hatukuwaona tena.

Koko alishatutoka, na mwalimu pia. Sauti zao zimeanza kunipotea. Ya koko naikumbuka kwenye ndoto tu. Nilipopita Bunia safari ya mwisho, ua wetu ulikuwa na watu wengine. Mwanamke nisiyemjua alikuwa anaanika nguo, anaimba. Nilisimama nje kidogo, nikamsikiliza, nikaenda zangu bila kubisha hodi.