Bibi Alivyompigania Baba Mahakamani

Juzi nilimwona mama mmoja nje ya mahakama, Dodoma, akipinga mumewe kufukuzwa nchini, nikaikumbuka alasiri ya kesi ya baba. Maofisa wa uhamiaji walikuwa wamemshikilia wakidai si raia. Mimi, mtoto mdogo wakati ule, nilidhani raia maana yake mtu mrefu, na baba alikuwa mfupi. Sasa najua wangeweza kumfukuza nchini wiki ileile.

Ukumbi ulinukia nta ya sakafu. Bibi, mama yake baba, alisimama kizimbani.

"Una cheti chake cha kuzaliwa?" wakili wa serikali aliuliza.

"Nilimzaa kule Bahi, hapahapa nchini, kwenye majaruba ya mpunga. Wewe ulikuwepo?"

"Bibi, keti," jaji alisema.

"Nitaketi mkimwachia."

Jaji alipoukubali ushahidi wake na kuamuru baba aachiwe, Bibi hakumshukuru mtu. Alimshika mwanawe mkono, akamwambia askari apishe njia.