Nilichapwa kwa kutumia "have" vizuri: kisa cha ng'ombe Madoa, Issuna

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni. Wadogo zangu marahaba, naitikia kabisa kabla hamjasalimia maana nawajua.

Jana nimesoma uzi humu, jamaa kapigwa screenshot kwa sababu aliandika "I has a car". Kurasa na kurasa watu wanamcheka tu.

Nikasema ngoja. Hilo neno have mnalochekea, mimi nililitumia vizuri kuliko wengi wenu na nikalipia kwa mgongo wangu. Ninayoandika hapa ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi. Naandika kwa simu ya mjukuu, herufi ndogo kama mchwa, hivyo mkikuta makosa vumilieni.

Twende.

Ni miaka ile ya operesheni ya vijiji, watu wanahamishwa kutoka kwenye maboma yao wanapangwa kwenye mistari. Sisi tulikuwa Issuna, huko Singida. Nilikuwa darasa la sita.

Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, mimi, na mdogo wangu Yona ambaye alizaliwa baba akiwa tayari kaburini. Mama aliugua homa baada ya kujifungua, maziwa yakakauka. Yona aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu, anaitwa Madoa.

Sasa hapa ndipo vijana wa mjini mnielewe vizuri, maana bila hili kisa hakina maana.

Madoa hakuwa wetu.

Kwetu Wanyaturu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anawagawa kwa watu, huyu mmoja, yule wawili, ugonjwa ukiingia kwake wale wengine wapone. Wewe uliyepewa unalisha, unakamua, unakunywa, na samadi unapeleka shambani kwenye uwele wako. Ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa unampelekea ngozi aione kwa macho.

Ni utaratibu mzuri, umelea watoto wengi ambao baba zao hawakuwa na hata mkia wa ng'ombe.

Lakini una mwiko mmoja. Husemi mbele za watu kwamba ng'ombe ni wako. Hata kwa utani, hata ukiwa umelewa. Ukisema na watu wakasikia, mwenyewe anakuja na fimbo yake anaondoka naye, na hakuna mzee atakayefungua mdomo kukutetea.

(Kuna mtu atakuja kusema hizo ni mila potofu. Mkuu, wewe ukimpa mtu gari lako aendeshe halafu umsikie baa anasema ni lake, utacheka?)

Mwenye Madoa alikuwa Mzee Ntandu. Mtu mzima, mrefu, maneno machache. Ng'ombe wake walikuwa wametapakaa Issuna nzima na hakuna aliyejua ni wangapi. Nadhani ndivyo alivyotaka.

Sasa operesheni ilipokuja, kukavuma habari kwamba mifugo itahesabiwa kwa nyumba. Atakayekutwa kwako ni wako. Wengine wakasema watachukuliwa wawe wa kijiji. Hakuna aliyejua ukweli, ila wenye ng'ombe walishikwa na homa. Mzee Ntandu akaanza kupita nyumba moja moja kwa watu aliowapa.

Kwetu alikuja asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akanywa uji wa mama hadi ukaisha. Ndipo akasema, "Mama Paulina, sina ugomvi na wewe. Ila siku nitakayosikia mmesema Madoa ni wenu, siku hiyohiyo naondoka naye."

Mama akajibu kwa Kinyaturu kwamba mdomo wake unajua mipaka. Yona alikuwa mgongoni analia njaa.

Paulina ndio mimi.

Basi. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza, mtu wa pwani. Ng'ombe alikuwa anamjua wa kwenye sufuria tu. Hakuwa mtu mbaya, nasema haki yake. Alipofika mgeni, hana hili wala lile, mama ndiye alikuwa ananituma nimpelekee maziwa kwenye kibuyu kila jioni. Maziwa ya huyohuyo Madoa.

Muhula ule alitufundisha have mpaka tukamwita Mwalimu Hevu. I have, you have, we have, she has. Tunaimba asubuhi, tunaimba tukienda kulima shamba la shule, tunaimba tukirudi.

Ikatangazwa siku ya wazazi. Mkaguzi wa elimu anakuja kutoka mjini, katibu wa chama anakuja, wazazi wote waje. Kutakuwa na gwaride na ngoma, halafu darasa la sita watasema Kiingereza mbele za watu. Kila mtoto sentensi yake, na mwalimu anatafsiri kwa Kiswahili ili wazazi wafurahi kwamba watoto wao wanasoma kweli.

Akagawa sentensi. Mmoja "I have a hoe". Mwingine "We have a goat". Akafika kwangu akatabasamu, "Paulina, wewe nyumbani kwenu nimeona. We have a cow."

Nikasimama. Nikamwambia mwalimu, ng'ombe yule si wetu, tumewekewa.

Akasema hii ni sentensi tu, ni mazoezi.

Nikamwambia lakini utatafsiri, na Mzee Ntandu atakuwepo.

Darasa zima walijua nasema nini. Yeye hakujua. Aliona mtoto wa kike anambishia mbele ya wenzake wiki ambayo mkaguzi anakuja. Nikaomba nipewe kuku, kuku tunao wa kwetu kabisa. Akakataa, kuku kashapewa mtu, na mimi nimeshachorewa picha ya ng'ombe kwenye karatasi kubwa ya kuonyesha wageni. Ng'ombe mwenyewe kachorwa ana sura ya punda.

"Sema. We have a cow."

Sikusema.

Nikachapwa viboko, nikapewa adhabu ya kuchota maji ya walimu. Siku iliyofuata tena, sema, sikusema, viboko. Wenzangu wakaanza kunionea huruma, wengine kunicheka. Jirani yangu wa dawati akaninong'oneza niseme tu, ni Kiingereza, nani atajua.

Wakuu, hiyo kauli niliichukia na naichukia mpaka leo. Uongo ukisemwa kwa Kiingereza unakuwa si uongo? Mtoto wa mama yangu angelala njaa kwa Kiswahili, kwa Kinyaturu na kwa Kiingereza pia.

Nyumbani mama akaona alama mgongoni na miguuni, ikabidi nimweleze. Akatoka nje akamtazama Madoa. Hakuweza kwenda kugombana na mwalimu, zama zile mwalimu ni serikali. Akasema siku ya wazazi nisiende, nijifanye mgonjwa.

Nikamwambia mama sitajificha. Sijaiba kitu, kwa nini nijifiche? Akanikazia macho, akasema, "Basi ukienda, mwanangu, chunga mdomo. Yona yuko mdomoni mwako."

Siku ikafika. Uwanja umefagiwa, bendera juu, wageni wamekaa kwenye viti vya walimu. Wazazi wako chini na kwenye vigoda. Mzee Ntandu yuko mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti. Mama kakaa nyuma na Yona, sijui hata aliponiangalia aliona nini.

Gwaride safi. Ngoma safi. Tukaitwa sisi.

"I have a hoe." Mwalimu anatafsiri kwa sauti, nina jembe. Makofi. "We have a goat." Tuna mbuzi. Baba wa mtoto huyo akapiga makofi peke yake baada ya wengine kuacha, watu wakacheka. Kila mtu na furaha yake.

Mwalimu akanyanyua ile picha ya ng'ombe punda. Zamu yangu.

Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa. Mwalimu ananitazama, macho yake yanaomba na yanatishia kwa pamoja. Mzee Ntandu ananitazama. Ile picha hata asiyejua neno moja la Kiingereza alielewa ni ng'ombe, na kila mtu Issuna alijua kwetu kuna ng'ombe gani.

Nikasema, "We do not have a cow."

Mwalimu akabaki na picha juu.

"We have milk. Mzee Ntandu has a cow."

Mkaguzi ndiye aliyecheka wa kwanza, akasema kwa Kiswahili, mwalimu mbona hututafsirii hii? Mwalimu akashusha picha. Basi nikatafsiri mwenyewe, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma alipokaa mama. "Hatuna ng'ombe. Tuna maziwa. Ng'ombe ni wa Mzee Ntandu."

Sasa wakuu, mimi nilifikiri nimemaliza. Nimeutunza mwiko, nimetumia neno la mwalimu, mchezo umekwisha. Kumbe nimefungua mlango mwingine kabisa.

Katibu wa chama akainua kichwa. Katika orodha yake ya kijiji Mzee Ntandu alikuwa ameandikisha ng'ombe wa zizini kwake tu, wachache. Hao waliotapakaa hakuwataja. Katibu akamgeukia taratibu, "Ndugu Ntandu, ni kweli una ng'ombe kwa mama yule?"

Uwanja mzima ukageuka. Nami ndipo nikaelewa nilichofanya, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa viboko.

Akikana, amemkana ng'ombe wake mbele ya watu wote, na Madoa si wake tena kwa mila ileile aliyokuja kututishia nayo. Akikubali, katibu atauliza na wengine wako wapi. Mzee akazungusha fimbo, akazungusha tena. Kisha akasimama, taratibu, kama mtu anayesimama kuombea chakula.

"Ni wangu," akasema. "Nimempa mjane yule amkamue, anyweshe yatima wake. Nyinyi mnahubiri ujamaa, sisi tulikuwa nao."

Sijui alilitoa wapi lile neno, lakini katibu aliruka juu. Akapiga makofi, watu wote wakapiga. Akasimama akahutubia kwa nguvu kwamba huu ndio mfano, mzee huyu aigwe, mwenye nacho amsaidie asiye nacho. Habari ya kuuliza wengine ikafa palepale, maana utamhoji vipi mtu uliyemsifu muda huo huo?

Na Mzee Ntandu angemwondoaje tena Madoa kwa mjane, baada ya kusifiwa mbele ya chama na serikali?

Hakuweza. Hakuthubutu. Madoa alibaki kwetu mpaka Yona akaanza shule.

Wakati watu wanatawanyika mzee alipita mbele yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akasimama, akasema marahaba, akaongeza kwa Kinyaturu kwamba atakayenioa atapata tabu. Alisema kweli, marehemu mume wangu alikuwa shahidi.

Mnadhani niliokoka? Wapi. Jumatatu mwalimu akaniita mbele ya darasa. Kwamba nimeharibu maonyesho, nimemwaibisha kwa mkaguzi, nimesema sentensi ambayo hakunipa. Nikachapwa vizuri. Nikauliza, mwalimu, kwani nimekosea have? Akaongeza kiboko kimoja cha swali.

Sikulia. Siku ile hata angeita walimu wote wasingepata chozi langu.

Jioni mama akajaza kibuyu kama kawaida, akaniambia peleka kwa mwalimu. Nilimwangalia kama amechanganyikiwa. Akasema mgeni ni mgeni, peleka.

Nikaenda. Nikabisha hodi. Akafungua, akaniona na kibuyu, hakujua aweke wapi uso. Nikampa kwa mikono miwili kama nilivyolelewa, nikapiga goti. Halafu nikasimama wima, nikamtazama machoni.

"Sir, you have milk."

Akakipokea kile kibuyu.

"And you, Paulina," akasema, "have no cow. Correct."

Hakuniomba msamaha, na mimi sikumwomba. Ila toka siku hiyo kila alipotoa mfano darasani alimuuliza kwanza mtoto kama kitu hicho anacho kweli nyumbani kwao.

Funzo langu ni hilo. Kabla hujamcheka mtu kwa has na have, mwulize kama hilo gari analo kweli. Kama analo, huyo kasema ukweli kwa Kiingereza kibovu, na mimi namheshimu kuliko anayenyoosha Kiingereza kwa gari la shemeji yake.

Yona sasa ana mvi kichwa kizima na kitambi. Nimemsomea uzi huu kabla sijapost, akasema dada umesahau kuandika kwamba maziwa ya Madoa yalikuwa matamu. Nimeandika.

Haya, wenye wazee Singida, Iramba, Manyoni, kwenu ng'ombe wa namna hii mlikuwa mnaishi naye vipi? Na wewe uliyeanzisha ule uzi wa "I has", njoo hapa uniambie: lini ulichapwa kwa sentensi ya kweli? Mimi nimekaa, nasubiri.