Alama Nyekundu Kwenye Memori ya 800

Nilimharibia mtu jina, na mtu huyo hakuwa amenikosea chochote. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia mapema. Jina langu sitalisema, na lake nimelibadilisha.

Ilikuwa 2008, kama mwezi wa tatu. Nilikuwa nauza dawa za mifugo kwenye agroveti moja hapa Nakuru, na raha yangu ilikuwa moja tu: gemu ya mbio za magari. Usicheke. Wasichana wenzangu walijinunulia viatu, mimi nikajinunulia kompyuta ya mezani, kipande kwa kipande. Ilibaki memori, ile inayochomekwa kwenye bodi kuu ya kompyuta na kuuzwa kwa namba ya kasi yake. Iliyokuwemo ilikuwa ndogo, gari langu lilikuwa likifika kwenye kona linaganda na mengine yananipita.

Fundi nitamwita Barasa. Alifanya kazi kwenye duka la kompyuta la mzee mmoja Mhindi, karibu na soko. Alikuwa ameingia mjini mwezi wa kwanza kutoka Molo, na begi moja, baada ya nyumba aliyopanga kuchomwa kwenye ghasia za uchaguzi. Mzee alimpa kazi na akamruhusu alale kwenye stoo ya nyuma. Hayo yote nilikuwa nayajua.

"Chukua hii ya 667," Barasa akaniambia. "Bodi yako haiendi juu ya hapo. Ya 800 itaingia, lakini itashuka tu ikimbie na speed ya bodi. Utakuwa umelipia bure."

Nikamkazia macho. Fundi anayekataa pesa? Tangu lini? Nikajiambia huyu ana mzigo wa zamani uliomlalia na anatafuta mjinga wa kumshikisha.

"Nipe ya 800."

"Sister, hata kitabu ya bodi imeandika. Iko kwa boksi yake. Uliisoma?"

"Boss, nimesema 800."

Akacheka kidogo, akanipa. Kile kicheko kiliniudhi kuliko maneno yake.

Sasa sikia ujanja wangu. Baba yangu alikuwa na lori la viazi, na hakuwahi kuliacha gereji bila kukwaruza alama kwenye betri, ili fundi asije akaibadilisha. Sisi kwetu tumelelewa hivyo. Hata redio ikienda kutengenezwa inapigwa alama kwanza. Kwa hivyo Barasa alipogeuka kumhudumia mteja mwingine, nilitoa rangi yangu ya kucha kwenye mkoba, nikadondosha tone moja jekundu kwenye pembe ya ile memori, nikaipuliza ikakauka. Kisha nikamrudishia na tabasamu, nikamwachia mashine niliyokuja nayo aifunge humo, nikaenda kazini.

Jioni niliichukua nikaenda nayo nyumbani. Nikaiwasha. Nilikuwa na programu ndogo ya kupima kasi ya memori, nimeipata kwenye sidii ya rafiki. Nikaifungua. Nililipia 800. Programu ikaandika 333.

Damu ilinichemka. Hata nusu haikufika! Nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikamulika kwa tochi. Sikuona tone lolote jekundu. Kuichomoa niliogopa, nisije nikaivunja. Lakini nilichungulia mara tatu, na mara zote tatu rangi haikuwepo.

Hapa ndipo ninapoona aibu hasa. Miezi ile watu mjini walikuwa wanapima jina lako, wajue wewe ni kabila gani, kabla ya kuitikia salamu. Mimi nilijiona nimesoma, sina mambo hayo. Kumbe yalikuwa yamekaa ndani yangu yanangoja sababu. Usiku kucha sikuwaza memori. Niliwaza jina la Barasa, na kwao ni wapi, na nani hasa anamjua hapa Nakuru.

Asubuhi sikwenda kwa Barasa. Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee, wateja wakiwepo.

"Mzee, huyu fundi wako anabadilisha vitu vya watu. Niliweka alama, na alama haiko. Na wewe unamlaza ndani ya duka, na hata hujui katoka wapi."

Barasa alisimama na bisibisi mkononi. "Madam, leta hiyo mashine tuifungue hapa mbele ya watu," akasema. "Tuifungue tu."

"Ili uibadilishe tena?" nikamjibu.

Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Hawa watu ni kuwaangalia." Sikumpinga. Mzee aliniangalia, akawaangalia wateja, akamwangalia Barasa. Alikuwa na duka la kulinda. "Toa begi yako," akamwambia, sauti ya chini. Barasa aliingia stoo akatoka na begi lile lile moja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Baada ya wiki mbili nilipeleka mashine kwa fundi mwingine, karibu na stendi, anitafutie 800 ya kweli. Akaichomoa memori, akaigeuza.

"Hii rangi ni ya nini?"

Tone langu lilikuwa pale pale. Lilikuwa upande ulioelekea feni, upande ambao tochi yangu haikufika.

"Lakini inasoma 333," nikasema.

"Hiyo programu husoma nusu, madam. 333 mara mbili ni 667. Na 667 ndiyo mwisho wa bodi yako. Nani alikuuzia 800? Angekuambia."

Aliniambia. Aliniambia na nikamwona mwizi kwa sababu aliniambia.

Nilikwenda kwa mzee mbio. Nilimweleza yote, na mara hii nilizungumza mbele ya wateja kwa makusudi. Alinisikiliza hadi mwisho. "Alikuja siku moja kuchukua sweta yake," akasema. "Aliuliza kama umefungua mashine. Nikasema sijui. Kutoka hapo sijamwona." Nimeuliza kwa mafundi, nimeuliza kwa madereva wanaokwenda magharibi. Hakuna anayejua alilala wapi tangu siku ile.

Kitabu cha bodi nilikitoa kwenye boksi baadaye. Kilikuwa bado kwenye nailoni. Ukurasa wa pili, herufi kubwa: 667.

Wewe unayesoma, piga alama vitu vyako ukitaka, sikukatazi. Lakini fundi akikuambia "tuifungue mbele ya watu," mwache aifungue. Mimi nilikataa, na kwa wiki mbili ushahidi wa kumwokoa Barasa ulikuwa chini ya meza yangu, huku mimi nikicheza gemu.