Kiapo Nilichokidai Uwanjani

Nilifanywa refa wa besiboli kwa sababu moja tu: katika shule yetu ya wasichana hapa Garissa, ni mimi peke yangu niliyekisoma kitabu cha sheria mpaka mwisho. Siku hiyo tulicheza na wageni kutoka Bura. Pointi zilikuwa sawa, na zamu ya kupiga ilikuwa ya mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Mwenzake aliyekuwa besi ya pili akachomoka kuiba ya tatu, aifikie kabla ya mpira. Mdakaji wa Bura, aliyechutama nyuma ya mpigaji, akainuka arushe mpira, na papo hapo mwanafunzi wangu akarudi hatua moja, akamziba. Mpira ukamgonga begani, ukapotelea vumbini, na mwenzake akakimbia mpaka besi ya nyumbani, panapopatikana pointi.

Sheria iko wazi. Mpigaji akitoka nje ya mistari yake akamzuia mdakaji, anatolewa, awe amekusudia au la. Ningetazama miguu, basi. Lakini alikuwa mtoto wangu wa darasani, nikatafuta pa kujifichia. Nikamwuliza mbele ya watu wote, mama yake akiwemo, kama amefanya makusudi.

Akagusa hijabu yake. "Wallahi, mwalimu, ni ubebo. Nilikuwa nashika hijabu."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana hapakuwa na upepo: bendera ya shule ilikuwa imelala kwenye mlingoti, haitikisiki hata kidogo. Nitamwitaje mwongo mtu aliyemtaja Mungu mbele ya mama yake? Nikainamisha macho, nikaikubali pointi. Wenzake walimkumbatia wakishangilia, naye akabaki anaitazama bendera.

Wiki nzima nilimkwepa kama mwizi. Ijumaa akanikuta mlangoni pa ofisi ya walimu, akaniuliza kwa sauti ya chini kafara ya kiapo ni nini. Nikamwambia ni kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Akasema tayari amefunga mbili. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa joto.

Nilidhani amemaliza.

"Mguu wangu uliuona, mwalimu," akasema. "Kwa nini uliniuliza?"

Nikaanza kutafuta funguo mfukoni, na zilikuwa mkononi mwangu.